Salamu na Vumbi la Vigae

Goreti,

Barua huanza na salamu, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Hii naianza bila salamu, na si kwamba nimekasirika. Nivumilie mpaka mwisho.

Wewe na mumeo Eliya mmekwenda kuwaaga watu wa kanisa, na ninavyowajua watu wetu hamrudi leo mapema. Kila nyumba mtakalishwa, mtapewa soda na mtaombewa safari. Mama yako yuko jikoni anafunga dagaa, mfuko ndani ya mfuko, ili gari la mumeo lisinuke kutoka hapa Buffalo mpaka Louisville. Habari za mafuta ya gari, za kutoendesha na usingizi, za kupiga simu mkifika kwa shangazi yako Donata pale Columbus mtakapolala, zote ameshazisema, na atazirudia kesho gari likiwa limeshawashwa. Mimi hayo siyagusi. Nina jambo langu moja tu, nalo ni ile Jumamosi niliyokufokea mbele ya Mama Furaha.

Najua hujaisahau. Tangu siku ile unanijibu kwa adabu kupita kiasi, ndiyo Baba, hapana Baba, kama mfanyakazi mpya anayeongea na msimamizi. Ningependa zaidi ungeninunia waziwazi kama ulivyokuwa ukifanya zamani, tukajua moja.

Nikueleze nilivyoona mimi. Nilikuwa nimesimama dirishani na kikombe cha chai. Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba na grainda yangu, unajizoeza kukata vile vigae vilivyobaki, kwa sababu umeapa kwamba bafu la nyumba yenu mpya utaliweka vigae kwa mikono yako. Mpya nasema mimi. Nyumba yenyewe ni ya zamani kuliko mimi na mama yako tukijumlishwa. Ulikuwa umevaa miwani na barakoa, unakata vizuri, mkono hautetemeki. Nikajisikia vizuri. Kisha nikamwona Mama Furaha anaingia uani na mfuko wake wa sombe, kisamvu cha Wakongo wenzake, kutoka Grant Street.

"Goreti! Kumbe njo unafanya kazi ya banaume sasa?"

Ukazima mashine. Ukashusha barakoa mpaka kidevuni, ukafuta mkono kwenye suruali, ukamwendea kwa uso wazi, mkono wa kulia umemshika yeye na wa kushoto umejishika kiwiko, kama nilivyokufundisha. Ukamuuliza habari za watoto, za mguu wake, za kazi yake kule kwa wazee. Na vumbi lilikuwa bado limening'inia hapo hapo mlipokuwa, jeupe, nikiliona kabisa kwenye jua, nanyi mko katikati yake mnacheka.

Sikudanganyi, kwanza nilifurahi. Nilijisemea, tazama mtoto nilivyomlea, kazaliwa huku na bado anajua kusalimia. Furaha hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Nilikuwa nimesimama pale najisifu huku mwanangu anavuta vumbi. Ndipo nikafungua dirisha nikapiga kelele: "Funika pua! Wewe mtoto, funika pua!"

Mama Furaha akanitazama kana kwamba nimemrushia jiwe. "Baba Goreti, unamukaripia mutoto juu amenisalimia? Bon. Donc mi naenda kwangu." Akaondoka na sombe zake. Nawe ukaniambia kwa Kiingereza, kama mnavyofanya mkiudhika, kwamba kilikuwa kigae kimoja tu.

Kigae kimoja. Goreti, hata mimi hakuna siku niliyokata zaidi ya kigae kimoja kwa wakati mmoja.

Unakumbuka nilivyoanza? Pengine hukumbuki, ulikuwa bado unatembea umeshika ukuta. Tulikuwa tumehamia hapa Lower West Side, na sakafu ya bafu ilikuwa imeoza mpaka mama yako akiingia kuoga mimi nasikiliza nje nisije nikasikia ameanguka chini kwa jirani. Kiwandani Tonawanda kulikuwa na Mbosnia mmoja aliyenionyesha kazi wakati wa mapumziko, akichorachora kwenye boksi. Nikanunua grainda. Kulikuwa baridi, ile baridi yetu ya theluji ya ziwani, na kwa akili yangu nikafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa taulo ili joto lisitoke. Joto halikutoka, na vumbi nalo halikutoka. Nilipomaliza nilipenga makamasi meupe, mama yako akacheka, nami nikacheka.

Bafu likapendeza. Sasa unajua watu wetu. Jumapili walikuja kuliona, wa pili akamleta wa tatu, na kabla sijajua nina kazi kila Jumamosi, nyumba hii na ile, za Warundi, za Wakongo, hata ya mchungaji. Nilipenda. Kiwandani nilikuwa mtu wa kupanga maboksi. Jumamosi nilikuwa fundi.

Barakoa nilikuwa nayo, usifikiri sikuwa nayo. Ilikuwa ile nzuri ya mpira, yenye vichujio viwili mashavuni. Niliivaa shingoni. Kwa sababu hebu fikiri mwenyewe: unafanya kazi nyumbani kwa mtu wa kwetu, nani atakuacha ufanye kazi kimya? Baba mwenye nyumba anaingia kukusalimia. Mama mwenye nyumba anakuja kuuliza kama utakula. Bibi anatolewa chumbani aje amwone fundi. Jirani amesikia kuna fundi. Na mimi nimelelewa kambi ya wakimbizi Kigoma na baba aliyekuwa akinitandika nikimpita mkubwa bila kumwamkia. Utasalimiaje na kitu kimekuziba mdomo kama mbwa aliyefungwa asing'ate? Nilikuwa nazima mashine, navua, nasalimia, tunaongea, wanacheka, wanaondoka. Kabla sijaivaa tena, mwingine anaingia. Mwisho nikachoka kuvaa na kuvua. Wazungu ninaowajua kiwandani hawana shida hiyo. Fundi akija kwao wanamwonyesha choo kilipo, wanatoka kwenda kazini.

Nikuambie ya Columbus, maana kesho mtalala palepale. Shangazi yako Donata aliniita nimwekee vigae jikoni. Unamjua Donata na nyumba yake. Juu ya kapeti lake unaweza kula ugali. Mlangoni nilivua viatu, kama mtu mwingine yeyote mwenye adabu, na nikafanya kazi siku nzima na soksi. Dada yangu hakuniambia nivue, wala mimi sikufikiri kuuliza. Haikunijia akilini kwamba jikoni ambamo nimevunja sakafu nzima si ndani ya nyumba tena, ni mahali pa ujenzi. Mguu ulikuwa unajua jambo moja tu, kwamba umevuka mlango.

Gundi ya vigae, ile ya saruji, ikamwagika kidogo nikaikanyaga. Haikuuma. Hapo ndipo ubaya wake, Goreti, saruji mbichi haikuchomi kama moto ukaruka. Inakaa kwenye soksi inakula taratibu, nawe unaendelea na kazi. Donata alikuwa amewaita wenzake wa maombi waje waone, wakaimba, nami nikasimama nao kwa soksi zangu mbichi nikaitika amina. Nilipovua soksi ngozi ya kisigino ilitoka nayo. Donata alilia kuliko mimi. "Kaka, si ungesema uletewe hata kandambili?" Nikamwambia kandambili za kazi gani, nyumba yenyewe safi hivi. Tukacheka tena. Naona sasa kwamba katika kazi ile nilicheka sana.

Hicho kisigino unakifahamu, ulikuwa ukikichezea ukiwa mdogo ukiuliza nani alinimenya. Kikapona. Kifua ndicho kilichobaki.

Sasa nifike pale ambapo sote wawili hatujafika tangu mwaka jana. Ulinipeleka kwa daktari wa mapafu, ukakaa katikati yetu ukatafsiri. Ulikuwa umevaa sweta la kijani, umeweka simu kifudifudi juu ya paja. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, anaongea polepole. Alionyesha picha ya kifua changu, ukaniambia, Baba, anaonyesha makovu. Akasema niache kukata, ukaniambia. Akasema dawa ya kuvuta, ukaniambia asubuhi na jioni. Kisha akasema jambo jingine, akakusubiri utafsiri. Wewe ukatazama sweta lako ukasema, "Anasema upumzike, Baba."

Mwanangu, mimi nina miaka mingi kiwandani. Kiingereza changu kina mguu mmoja lakini kinatembea. Daktari alisema kilichoingia hakitoki, na kwamba makovu yanaweza kuendelea kuongezeka hata nikiacha kazi leo. Sentensi hiyo uliiruka. Niliisikia, na nikamwitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa apumzike.

Sikukulaumu siku ile na sikulaumu sasa. Ulinistahi. Mtoto gani wa kwetu atamtazama baba yake usoni amwambie neno kama lile? Ila tumeishi nalo kimya, wewe ukidhani sijui, nami nikijifanya sijui ili usijue kwamba najua. Nikipanda ngazi nasimama katikati najifanya natafuta funguo. Nawe unasimama nyuma yangu unajifanya unasoma simu. Na mama yako anatutazama wote wawili anajifanya anapika.

Kwa hiyo ile Jumamosi, nilipokuona umeshusha barakoa, sikumfokea mtoto asiyejua. Ningekuwa na subira na mtoto asiyejua. Nilimfokea yule aliyekuwa na sweta la kijani, anayejua kila neno la yule daktari, na bado heshima ikamshinda nguvu akafunua pua kwa ajili ya Mama Furaha. Niliogopa, Goreti. Bado naogopa. Mama yako ananiona nazunguka nyumba anadhani nina huzuni ya kuachwa na binti. Huzuni ninayo, lakini kubwa ni hofu.

Utaniambia bafu moja halimuui mtu. Ni kweli, halimuui. Lakini bafu lako halitabaki moja. Watu wetu wamejaa Louisville, na mumeo ana ndugu kule kama mchanga. Watakuja kuona nyumba, watasema kumbe Goreti ni fundi kama baba yake, na wewe hujui kusema hapana, hilo nalo ulifundishwa na mimi. Nilikuwa nakutoa chumbani kwa nguvu kila mgeni akiingia, unakumbuka? Umejifungia na simu yako, nami nagonga mlango: toka umsalimie mkubwa wako. Ulikuwa unatoka umekunja uso. Nilikugongea mlango ule miaka yote mpaka ikaingia damuni, na leo natamani kuitoa kidogo tu, kipande kile kimoja, nashindwa nianzie wapi.

Naanzia kwenye gari. Grainda usiitafute, nimeitoa. Mlipokuwa mnakula nilishuka nikaitoa kwenye buti, na mahali pake nimeweka ile mashine ya maji, ambayo msumeno wake unazunguka ndani ya maji na vumbi linabaki kuwa tope. Itumie nje, uani. Waya wake uuache ulegee, ushuke chini kwanza ndipo upande kwenye plagi, ili maji yakitiririka yadondoke chini yasifike kwenye umeme, na plagi iwe ile yenye kitufe cha kujizima yenyewe. Tope likikauka ni vumbi lilelile, kwa hiyo lifute kwa kitambaa kibichi. Usifagie. Najua mikono yako itatafuta ufagio yenyewe, maana mama yako naye ana yake aliyokufundisha.

Nitanunua ugomvi na Eliya kwa jambo moja. Ndevu zake. Ni nzuri, zinampa utu uzima, lakini barakoa haikai juu ya ndevu, hewa inapita pembeni kama mlango usiofungika. Akitaka kukata, anyoe. Asipotaka kunyoa, basi yeye ndiye atakayekuwa mpokea wageni. Nimefikiri sana juu ya hilo na nimeona ni kazi ya kweli, si ya mzaha. Mimi kosa langu nilikuwa fundi na mwenyeji kwa wakati mmoja. Wekeni viti nje, wekeni chai. Mgeni akija Eliya amsalimie kwa niaba ya nyumba nzima, amketishe, amwambie mke wangu yuko kazini, kana kwamba uko kiwandani mbali kabisa. Atakayekasirika atakasirika. Mama Furaha alikasirika na jana ameleta sombe.

Na kabla hamjavunja lolote, ile sakafu ya bafu uliyonionyesha kwenye picha, ya vipande vya plastiki vya zamani vyenye gundi nyeusi chini, msiikwangue. Nyumba za umri ule huwa na asbesto humo, na vumbi lake ni baya kuliko kila nililokwisha kulitaja. Tafuteni mtu mwenye kibali achukue kipande akapime. Eliya atasema anajua rafiki yake aliyekwangua yake na yuko mzima. Mimi pia nilikuwa mzima, kwa muda mrefu sana.

Chini ya kiti chako, kwenye boksi, kuna viatu. Ni viatu vya kazi, vya ncha ya chuma, saizi yako, nilimtuma mama yako akaangalie kwenye raba zako. Havijawahi kukanyaga nje. Kutoka dukani nilivibeba mkononi, garini vikakaa ndani ya boksi. Nataka uvivalie ndani ya nyumba na uvivulie ndani ya nyumba, wasije wakasema Goreti anaingia na viatu. Mtu akikuuliza mwambie hivi vimezaliwa humu humu. Glavu nazo zimo.

Nasikia mama yako ananiita nikaze kamba ya sanduku. Anajua siwezi kukaza kamba siku hizi bila kukohoa, ila ananiita tu, ananistahi naye. Nyumba hii ina heshima mpaka inatuua.

Naomba jambo moja kwako njiani. Ile sentensi uliyoiruka, mwambie Eliya. Mwambie yote, kwa Kiswahili, bila kupunguza neno, ili mtu mwingine ndani ya nyumba yenu ajue ni nini unachokiogopa, akufokee siku mimi sipo. Nami nikienda tena kwa daktari, mdogo wako ndiye atakayetafsiri, na nitamwambia asiruke kitu.

Nitakuja Louisville. Nilimwambia mama yako tutakuja mkishamaliza bafu, lakini najijua, sitangoja. Nitakuja mkiwa katikati ya kazi, vigae vimepangwa ukutani na ndoo zimejaa tope. Nitatokea uani nawe utakuwa umeinama kwenye mashine, utaniona, na kila kitu nilichokufundisha tangu ulipojua kusimama kitakuambia uzime, uvue, unijie kwa uso wazi na mikono miwili. Usivue. Nipungie tu huo mkono wenye glavu, umalizie kigae chako. Mimi nitakwenda kukaa kwenye kiti cha wageni na Eliya atanipa chai.

Ndiyo sababu barua hii haikuwa na salamu. Umeisoma yote mpaka hapa, na bado mimi ni baba yako na wewe ni mwanangu, hakuna aliyepungukiwa kitu. Salamu zako ninazo. Nitakupa mwenyewe, palepale uani, vumbi likishatua na ukishanawa, hata kama itanibidi ningoje mpaka jua lizame.

Baba yako